Tuhifadhi wapi mafaili ya ofisi? Jibu kwa msomaji anayechagua huduma ya wingu

Swali: Ofisi yetu ina watu 14. Tunachora majengo na kusimamia mikataba ya ujenzi. Mafaili yetu yametapakaa: mengine yako kwenye kompyuta za wafanyakazi, mengine kwenye diski ya nje, mengine tunatumiana kwa WhatsApp na baruapepe. Hivi karibuni mwenzetu mmoja aliacha kazi na folda nzima ya mradi ikaondoka naye, kwa kuwa ilikuwa kwenye akaunti yake binafsi. Tuna takriban gigabaiti 800 kwa jumla. Kila kampuni inatangaza terabaiti nyingi kwa bei nafuu. Je, tuchague ipi kati ya Google Drive, OneDrive, Dropbox na nyinginezo, na tuangalie nini kwanza?

Jibu: Ndugu muulizaji, katika maelezo yako yote sentensi yenye uzito zaidi ni ile ya folda iliyoondoka na mtu. Terabaiti na bei ndizo zinazopigiwa debe katika matangazo, kwa hiyo si ajabu kuanza nazo. Hata hivyo, katika ofisi nilizosaidia kuhamisha mafaili yao, sikumbuki hata moja iliyojuta kwa sababu ya kuishiwa nafasi. Zilizojuta ni zile ambazo hazikujua faili ni mali ya nani, na zile zilizoamini kuwa zina nakala ya akiba ilhali hazikuwa nayo. Kwa hiyo nitayatanguliza mambo hayo mawili, kisha nitaingia katika yale yanayohusu kazi ya michoro hasa.

Akaunti ya bure ambayo mtu hujifungulia kwa baruapepe yake ni makubaliano kati yake na mtoa huduma, na mwajiri hana nafasi ndani yake. Hata kama kila mstari wa mchoro ulilipiwa na ofisi, ofisi haiwezi kumwandikia mtoa huduma na kudai folda hiyo, kwa sababu katika vitabu vya mtoa huduma ofisi haijulikani. Sharti la kwanza basi ni kifurushi cha biashara kilichosajiliwa kwa jina la ofisi, chenye akaunti zinazotumia kikoa cha ofisi (jina lake la mtandaoni, lile linalofuata alama ya @ kwenye baruapepe), na chenye wasimamizi wasiopungua wawili, ili mmoja akiugua au akiondoka, mlango usifungwe kwa wote.

Hata ndani ya kifurushi cha biashara bado kuna sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Katika Google Workspace kila mtu ana Drive yake mwenyewe, na kando yake kuna drive za pamoja, ambazo mafaili yake ni mali ya taasisi, hivyo aliyeyaweka akiondoka yanabaki palepale. Kwa Microsoft, OneDrive ni chumba cha mtu mmoja, ilhali SharePoint, ambayo pia ndiyo inayobeba mafaili ya vikundi vya Teams, ni chumba cha kikundi. Dropbox nayo ina folda za timu zilizo chini ya msimamizi. Mtu akiweka mradi katika chumba chake na kuwagawia wenzake kiungo, wote wanaufungua na kuuona kana kwamba ni wa wote, mpaka siku akaunti yake inapofutwa. Kwa mpangilio wa kawaida, OneDrive ya mtumiaji aliyefutwa hutunzwa kwa siku 30 tu kabla ya kuondolewa. Katika Google Workspace msimamizi ana siku 20 za kumrejesha mtumiaji aliyemfuta. Ofisi inayogundua pengo miezi mitatu baadaye huwa imeshachelewa. Wekeni kanuni iliyo wazi tangu siku ya kwanza kwamba kazi ya mradi hufunguliwa katika eneo la pamoja, na eneo binafsi ni la rasimu ambazo hakuna mwingine anayezitegemea.

Jambo la pili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona watu makini wakiumia. Huduma hizi zimejengwa juu ya usawazishaji, yaani kile kinachotokea kwenye kompyuta moja hutokea kwenye zote. Ukihariri, wote wanapata uhariri huo. Ukifuta, kwa wote kinafutika. Kompyuta moja ikiingiwa na programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, usawazishaji utayapakia yale mafaili yaliyofungwa juu ya yale mazima, kwa uaminifu uleule unaoupenda siku nyingine. Kinachokuokoa hapo ni pipa la taka na matoleo ya awali ya kila faili, na vyote viwili vina ukomo wa muda. Google Drive huweka kilichofutwa kwa siku 30 kwenye pipa. OneDrive ya kazini na SharePoint huweka kwa siku 93. Dropbox huweka kwa siku 30 kwenye akaunti za msingi, na 180 au zaidi kwenye vifurushi vya timu. OneDrive na Dropbox pia zina uwezo wa kurudisha nyuma mafaili yote kwa pamoja hadi saa fulani kabla ya maafa, na uwezo huo ni wa thamani kubwa, kwa sababu kurejesha mafaili elfu arobaini moja baada ya jingine si kazi ya kibinadamu.

Linganisha siku hizo na mwendo wa kazi yenu. Mradi wa ujenzi huenda miaka miwili. Mtu akifuta kwa bahati mbaya folda ya vipimo vya udongo mara tu msingi ulipokwisha, nani ataitafuta kabla ya mwaka kupita? Kwa sababu hiyo, huduma ya wingu peke yake haihesabiki kuwa nakala rudufu. Kanuni ya zamani katika fani hii ni nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Kwenu ninyi inaweza kuwa nakala ya kazi kwenye wingu, nakala ya pili inayochukuliwa kila usiku na huduma tofauti ya kuhifadhi, na diski ya nje inayounganishwa mara moja kwa wiki kisha ikachomolewa na kufungiwa. Diski inayobaki imechomekwa muda wote hufungwa na programu hasidi pamoja na kompyuta yenyewe.

Wapo watakaokuambia kwamba kampuni kubwa haipotezi data. Ni kweli kwamba vituo vikubwa huweka kila faili katika mashine kadhaa, na kwamba Amazon hueleza huduma yake ya kuhifadhi data iitwayo S3, iliyoanza 2006, kuwa imesanifiwa kudumisha data kwa asilimia 99.999999999. Takwimu hiyo lakini inahusu diski kuharibika; haihusu mfanyakazi kufuta wala akaunti kufungwa. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo kimoja cha data cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakakuta nakala zao za akiba zilikuwa katika eneo lilelile la moto. Miaka tisa kabla ya hapo, Januari 2012, serikali ya Marekani iliifunga Megaupload, tovuti ya kuweka na kugawana mafaili, kwa mashtaka ya hakimiliki, na watu waliokuwa wameweka humo mafaili yao halali walifungiwa nje pamoja na wengine. Nakala iliyo nje ya mtoa huduma huyo ndiyo kinga pekee dhidi ya matukio ya namna hii.

Sasa tuje kwenye michoro yenyewe. Ofisi inayoandika barua na majedwali inaweza kutumia karibu huduma yoyote kati ya ulizozitaja na ikaridhika. Ofisi ya wasanifu haina uhuru huo, kwa sababu mafaili yake ni makubwa, hubadilika mara nyingi kwa siku, na huitana.

Anza na ukubwa. Mchoro wa megabaiti 300 ukibadilishwa mlango mmoja, huduma nzuri hupakia vile vipande tu vilivyobadilika, ilhali huduma duni hupakia faili zima upya. Dropbox imekuwa ikifanya kazi kwa vipande vya megabaiti 4 tangu zamani, na OneDrive ilikamilisha uwezo kama huo kwa aina zote za mafaili mwaka 2020. Kwa huduma nyingine yoyote mtakayoifikiria, ifanyieni jaribio: badilisheni kitu kidogo katika faili kubwa, kisha tazameni inachukua muda gani kufika kwenye kompyuta ya pili. Hilo litakuambia mengi kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Linganisha pia gigabaiti zenu 800 na kasi halisi ya kupakia, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko kasi ya kupakua iliyoandikwa kwenye mkataba wa intaneti. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 800 zitachukua zaidi ya siku saba mfululizo, usiku na mchana, kama laini haikukatika. Google Drive nayo humruhusu mtumiaji mmoja kupakia gigabaiti 750 tu kwa siku, ingawa kwa laini ya namna hiyo hamtaufikia ukomo huo. Hamisheni kwa awamu, mkianza na miradi hai, na miradi iliyokwisha ifuate usiku. Hakikisheni vilevile kwamba programu ya kwenye kompyuta inaweza kuonyesha mafaili yote bila kuyashusha, ili kompyuta yenye diski ndogo isijae siku ya kwanza. Wanaokwenda eneo la ujenzi wafundishwe kuweka alama kwenye folda wanazotaka zipatikane bila intaneti, na waifanye kazi hiyo kabla ya kutoka ofisini.

Kuitana kwa mafaili ndiko kunakosahaulika zaidi. Mchoro mkuu huita michoro midogo kwa kufuata njia ya folda. Ikiwa kompyuta ya mmoja inaiona folda chini ya jina lake la mtumiaji na ya mwingine chini ya herufi nyingine ya diski, mchoro mkuu utafunguka ukiwa na mapengo. Tumieni njia zinazoanzia kwenye folda ya mradi, na si kwenye mzizi wa diski. Fupisheni pia majina. Programu nyingi za Windows bado hukwama njia nzima ya faili inapozidi herufi 260, na OneDrive pamoja na SharePoint zina ukomo wao wa herufi 400. Nimewahi kukaa na ofisi moja siku nzima tukitafuta kwa nini folda 11 zilikataa kupanda, na sababu ilikuwa majina ya folda yaliyoandikwa kama sentensi kamili, moja ndani ya nyingine, ngazi tisa kwenda chini. Mafaili yenyewe hayakuwa na tatizo lolote.

Kisha kuna suala la watu wawili kufungua mchoro mmoja. Waraka wa maneno unaweza kuhaririwa na watu watano kwa wakati mmoja; mchoro kwa kawaida hauwezi. Asha anaufungua saa tatu asubuhi, Juma anaufungua saa tatu na robo, kila mmoja anahifadhi, na huduma, isijue amfuate nani, inatengeneza faili la pili lenye maneno ya mgongano kwenye jina lake. Kufikia jioni kuna Mchoro_mwisho, Mchoro_mwisho_SAHIHI na Mchoro_mwisho_SAHIHI_2, na fundi aliyeko kwenye jengo amechapishiwa ule wa katikati. Tafuteni huduma inayomruhusu mtu kulifunga faili wakati analifanyia kazi, huku wengine wakiweza kulisoma tu. Dropbox na Box (huduma nyingine ya wingu) zinao uwezo huo katika vifurushi vya biashara, na SharePoint inao kwa njia ya kulichukua faili na kulirudisha. Kwa ofisi kama yenu, mimi ningelipa uzito mkubwa jambo hili kuliko terabaiti yoyote ya ziada.

Kuhusu kushirikisha watu wa nje, yaani wateja, wakandarasi na wahandisi, tatizo karibu daima ni kile kiungo kinachofunguliwa na yeyote aliyenacho. Ni rahisi, hakiombi nywila, na ndiyo sababu watu hukipenda. Ukimtumia mkandarasi mmoja, naye akakisambaza kwenye kundi lake la WhatsApp, makadirio yenu ya gharama yanasomwa na wapinzani wake katika zabuni. Msimamizi anaweza kuamua kwamba kiungo kipya kianze kikiwa cha watu waliotajwa tu, kiwe na tarehe ya kuisha, na kwamba kupakua kuzuiwe pale inapohitajika. Angalia kama uwezo huo umo katika kifurushi mnachokusudia kukinunua, kwa kuwa tarehe ya kuisha na nywila ya kiungo mara nyingi huwekwa kwenye vifurushi vya juu. Kwa kinyume chake, mkitaka wateja wawapakie ninyi mafaili bila kuona yaliyomo, ulizia folda ya kupokelea. Na mradi unapokwisha, mtu mmoja apewe jukumu la kupitia orodha ya viungo na kuvifunga.

Usalama wa kiufundi nitaupitia kwa kifupi, kwa sababu huduma kubwa zinakaribiana. Zote husimba mafaili, yaani huyageuza yasomeke tu kwa mwenye ufunguo, yanaposafiri na yanapokuwa yamelala kwenye seva, kwa kawaida kwa njia ya usimbaji iitwayo AES ya biti 256. Tofauti iko kwa mwenye ufunguo. Katika huduma za kawaida ufunguo unao mtoa huduma, ndiyo maana anaweza kukutafutia maneno ndani ya nyaraka na kukuonyesha picha ndogo ya kila ukurasa. Katika huduma kama Tresorit na Proton Drive, faili husimbwa kwenye kompyuta yako kabla ya kuondoka, na mtoa huduma hawezi kulisoma. Ulinzi ni mkubwa zaidi, lakini baadhi ya raha za kutafuta na kuhariri pamoja hupungua. Kwa nyaraka za kesi au za wagonjwa ningeichagua njia hiyo bila kusita. Kwa michoro ya majengo ya kawaida, siioni kuwa ya lazima.

Hatari iliyo karibu zaidi ni nywila za watu wenyewe. Mwaka 2012 mfanyakazi wa Dropbox alikuwa akitumia kazini nywila ileile aliyoitumia kwingine, wadukuzi wakapita hapo, na mwaka 2016 ikabainika kwamba taarifa za akaunti zaidi ya milioni 68 zilikuwa zimechukuliwa. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili (nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kama msimbo kwenye simu) kwa kila mtu, wakurugenzi wakiwemo. Asiyetaka asipewe akaunti. Chagueni pia kifurushi kinachoweka kumbukumbu za nani alifungua, alipakua au alifuta nini, maana bila kumbukumbu hizo siku ya tatizo mtabaki kushukiana.

Ulizeni pia mafaili yatalala nchi gani. Sheria za ulinzi wa data, kama ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, huweka masharti ya kuhamisha taarifa za watu kuvuka mipaka, na sheria ya Marekani ya mwaka huohuo huwezesha mamlaka zake kudai data iliyo mikononi mwa kampuni zake hata ikiwa imehifadhiwa nje. Michoro haisumbui sana hapa. Nakala za vitambulisho, mishahara na mikataba ya wafanyakazi zinasumbua, kwa hiyo someni kipengele hicho mkiwa na mwanasheria wenu.

Kwenye bei, hesabuni kwa mtu na kwa mwaka, kwani vifurushi vya biashara hutozwa hivyo, na gharama huongezeka kila mnapoajiri. Msijenge mipango yenu juu ya neno "bila kikomo": Dropbox ilikiondoa kifurushi chake cha namna hiyo Agosti 2023 baada ya baadhi ya watu kukitumia kuchimbia sarafu za kidijitali na kukiuza upya. Ahadi ya kupatikana kwa asilimia 99.9 ya muda nayo bado inaruhusu karibu saa tisa za kukatika kwa mwaka.

Muulizeni kila mtoa huduma mtatokaje kwake. Hapa kuna mtego mmoja mdogo ambao umewaponza wengi: waraka ulioandikwa ndani ya Google Docs ukiunakili kutoka kwenye folda iliyosawazishwa kwenda diski ya nje, kinachohamia ni faili dogo sana lenye anwani ya waraka tu, si maneno yenyewe. Lazima kwanza uusafirishe nje kwa umbo la Word au PDF. Diski inaweza kuonekana imejaa nyaraka, na siku akaunti inapofungwa hakuna hata moja inayofunguka.

Baadhi ya wataalamu watakushauri kuendesha seva yenu wenyewe kwa programu huria kama Nextcloud, iliyoanzishwa 2016. Ni programu nzuri na ninaiheshimu. Ila mtu mmoja lazima aisasishe, aichunguze na aamke usiku inapoanguka, na katika watu 14 wanaochora majengo simwoni mtu huyo. Mkimwajiri, tutazungumza upya.

Kwa hali yenu basi, kama tayari mnalipia Microsoft 365 kwa ajili ya baruapepe, jaribuni kwanza SharePoint, kwa kuwa hamtaongeza gharama na pipa la siku 93 ni ukarimu mzuri. Udhaifu wake ni ugumu wa kuupanga, kwa hiyo mtafuteni mtu wa kuwapangia mwanzoni. Kama mafaili makubwa ndiyo maumivu yenu makuu na hamjafungamana na Microsoft, Dropbox ya timu ndiyo ningeanza nayo. Google Workspace ningeiweka ya tatu kwenu, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu nguvu yake iko katika nyaraka za kuandikia pamoja, na kazi yenu kubwa haiko huko.

Fanyeni jaribio la wiki mbili kwa mradi mmoja wa kweli na watu wanne, akiwemo yule anayekwenda eneo la ujenzi. Ndani ya wiki hizo, futeni folda kwa makusudi na muirejeshe. Rudisheni faili kwenye toleo la juzi. Fungueni mchoro mmoja watu wawili. Zimeni intaneti mchana na mwendelee kufanya kazi. Mtengenezeni mfanyakazi wa majaribio, aweke mafaili, kisha mfuteni na mtazame kilichobaki.

Ama ile folda iliyoondoka, msingoje mfumo mpya. Mpigieni simu mwenzenu leo, mkiwa na lugha nzuri, na mwombe awapakulie folda nzima kwenye diski badala ya kuwapa ruhusa ya kuitazama tu, kwa sababu ruhusa hiyo itabaki mikononi mwake. Nyaraka za Google zilizomo azisafirishe nje kwa umbo la Word kwanza. Kisha hesabuni mafaili, fungueni machache kutoka kila folda ndogo mkiwa naye bado kwenye simu, na mwambieni afute nakala yake baada ya ninyi kuridhika.